Picha ya Ndizi

"Mia kwa mia!" Obed, kijana aliyewatengenezea tovuti, aligeuza kompyuta ili akina mama waione alama ya kijani. "Programu imekagua tovuti yenu yote. Hata asiyeona ataitumia bila shida."

Asiyeona alikuwa mmoja tu mle ghalani, Esnath, aliyeketi kando ya mikungu na simu mapajani. Miaka yote yeye ndiye aliyepokea oda za ndizi za kikundi chao cha Lufingo. Wateja walimpigia, akazishika kichwani. Sasa oda zingeingia kwenye tovuti. Kikao kilikuwa kimeamua: akishindwa, kazi ni ya mwenzao Prisca. Esnath aliitaka kazi yake. Bila hiyo angebaki mtu wa kusalimiwa tu.

Obed akatuma oda ya majaribio. Esnath akapitisha kidole kwenye kioo, na simu ikasoma kwa sauti: "Picha ya ndizi. Mikungu kumi."

"Haya mama, tukate ndizi gani?"

Esnath akarudisha kidole. "Picha ya ndizi." Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya mkungu wa mzuzu, aliujua kwa kuugusa tu, kama alivyozijua ndizi za mshale na za sukari. Kwenye kioo ndizi zote zilikuwa na ngozi moja.

"Mzuzu, dada," Prisca alimnong'oneza, akiitazama picha kwenye simu. Prisca yuleyule ambaye kazi ingemwangukia!

"Mzuzu, mikungu kumi," Esnath alisema.

Vigelegele vikapigwa. Obed akaanza kukunja nyaya zake. Esnath alifurahi, kisha furaha ikamchachia.

"Ndaga, asante, mdogo wangu. Sasa nenda nje kidogo," alimwambia Prisca. "Obed, tuma nyingine."

"Mama, si umeshafaulu?"

"Tuma, mwanangu."

Prisca akatoka. Simu ikalia.

"Picha ya ndizi. Mikungu mitano."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati.

"Ndizi gani?" Esnath aliuliza.

Obed akaitazama alama yake ya kijani. Programu ilitaka tu kila picha iwe na maneno ya kusomwa na simu, naye alikuwa ameandika maneno yaleyale kwenye picha zote, basi. Akavuta kigoda, akaketi karibu na Esnath na kuomba simu. Akafumba macho, akaweka kidole kwenye kioo.

"Picha ya ndizi," simu ikamwambia.

Akatelezesha kidole mbele, macho bado kayafumba.

"Picha ya ndizi."