Ndoo Tatu za Udongo Mweupe

Kahongya wa Kimemi, mjini Butembo, alikuwa na kiburi kimoja tu maishani: bashi zake za mpira, yale maturubai mazito ya kuezekea nyumba. Tangu vita vya pili vianze bati lilikuwa haba, na nyasi huvuja. Alikanda mpira wa miti ya huko Kamango kwenye rola, ndoo mbili za mpira kwa ndoo moja ya pemba, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito, akatia unga wa salfa, akatandaza, akapika. Udongo ukiwa wa kadiri, bashi huvumilia jua miaka na miaka. Ukizidi, hung'aa vizuri mwezi mmoja au miwili, kisha hupasuka kama ugali wa jana. Kila bashi aliipiga alama yake pembeni, jembe dogo. Watu wa Butembo hadi Beni waliitazama alama hiyo kwanza, bei baadaye.

Mzigo wa mwisho wa mpira aliuweka kwa ajili ya binti yake Bénie, aliyekimbilia Beni, mtaa wa Ruwenzori, na mtoto mchanga mwenye kifua. Nesi alikwisha kusema wazi: mtoto huyu akilowa tena, hatapona.

Ndipo akaja kamanda.

"Vieux, mzee, mpira yote iko ya jeshi. Nataka bashi makumi mbili, na alama yako juu. Bila alama, nitajua unanidanganya."

Kahongya akasema ndiyo, afande. Ungemwona alivyoinama usingedhani ana hasira. Lakini mikono yake ilisema mengine: ndoo moja ya mpira, ndoo tatu za pemba. Aliwapikia askari takataka inayong'aa, akaipiga jembe, na kwa mara ya kwanza tangu vita akapiga mluzi kazini. Mpira aliouokoa kwa ujanja huo ulitosha bashi sita, nzuri kuliko zote alizowahi kuzitoa. Hizo hakuzipiga alama. Zingeonekana barabarani, wangejua ameficha mpira. Alimkabidhi Issaka, mwenye lori, rafiki yake wa siku nyingi, azifunike kwa magunia ya maharagwe.

"Umupe Bénie mu mukono. Umuambie ni mie nilituma."

"Hapana kuwaza, mukubwa," Issaka akasema. Na alizifikisha, maana alikuwa mtu wa neno lake.

Baada ya mwezi mmoja na nusu barabara ilifunguka kidogo, Kahongya akashuka Beni. Kutoka mbali aliona paa la binti yake linang'aa, akaongeza mwendo. Bashi nzuri haing'ai hivyo. Alipofika mlangoni akanyoosha mkono kwenye ukingo wa paa, akaliona jembe.

"Issaka hakuleta bashi?"

"Alileta, Papa. Lakini hazikuwa na alama. Nikasema huyu alibadilisha mu njia, zako aliuzisha. Vita imeharibu batu. Ku soko basoda balikuwa na zenye alama yako, nikabadilishana nabo, sita kwa sita. Balikubali mbio mbio." Bénie akacheka kwa furaha. "Mukono yako naijua popote, fasi yote."

Kahongya alikunja ncha ya bashi juu ya kidole gumba. Ikakatika, unga mweupe ukamwagikia kiganjani.

Watu husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti angeingia mwenyewe. Alimweleza binti yake yote, kamanda, ndoo tatu, magunia ya maharagwe. Bénie alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Papa, weye hauwezi kutumika kazi mubaya. Safari imekuchokesha. Ingia."

Basoda wale, askari wa kamanda, walikwisha kuhama na zile bashi sita. Njia ya Kamango ilikuwa imefungwa, lori la Issaka limechomwa moto, na huko Kimemi rola zilikuwa tupu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mji tangu asubuhi. Ndani, mtoto alikohoa.

Kahongya aliingia, akamtoa mjukuu wake kitandani, akamfunika kwa koti lake, akakaa naye sakafuni akiwa amemwinamia.

"Papa, umurudishe ku kitanda," Bénie akasema. "Pale ni pakavu, chini ya bashi za babu yake."

Hakumrudisha. Mvua ilianza saa tisa, na maji ya kwanza yakamwingia Kahongya shingoni.