Ziwa la Mzee Okari

Okari alirudi nyumbani kwake Suna Magharibi mgongo ukiwa umemshinda. Tangu ujana alikuwa akifanya kazi ziwani, katika kisiwa cha Mfangano, akitengeneza injini za mashua za wavuvi, huku mkewe Mong'ina akilima na kuuza ndizi na viazi vitamu katika soko la Migori. Wote wawili walikuwa Wakisii waliohamia upande huo wakiwa maharusi. Kila mwisho wa mwezi Okari alivuka hadi Mbita, akapanda gari, akafika kwake, akakaa siku mbili, akarudi. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na bado mume na mke walisalimiana kama wageni wanaopendana.

Mong'ina mwenyewe alifika Mfangano mara moja tu. Siku hiyo ziwa lilichafuka, akatapika kutoka Mbita hadi kisiwani. Aliposhuka aliketi juu ya jiwe, akamwambia mumewe, "Baba Nyanchama, nakupenda, lakini hapa utaniona tena siku ya kukuzika." Wakati wa kurudi alijifunika uso kwa leso njia nzima.

Sasa mzee alikuwa nyumbani kabisa, na hakujua la kufanya na mikono yake. Kila asubuhi alichukua kikombe chake cha chai, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, akitazama upande wa magharibi.

"Umepoteza nini huko?" Mong'ina alimuuliza siku moja.

"Maji."

"Maji si yapo kwenye tangi?"

"Hayo ni ya kunywa. Mimi nataka ya kuangalia."

Chini ya shamba lao palikuwa na bonde ambapo kijito kilipita, chembamba wakati wa kiangazi na chenye kelele wakati wa mvua. Okari alianza kushuka huko na panga, akichomeka vijiti ardhini na kuvihamisha. Alasiri moja alirudi akiwa na matope hadi magotini, na uso wake ulikuwa mchangamfu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Nataka kuchimba ziwa," alisema.

Mong'ina alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Kidimbwi cha samaki?"

"Si kidimbwi. Ziwa. La kuzunguka kwa mashua."

"Ziwa liko Homa Bay, Baba Nyanchama. Mungu alilichimba, akamaliza, na hakuomba mtu mchango."

"Lile ni mbali, na wewe hupandi mashua." Okari aliketi kwenye ngazi ya jikoni. "Miaka yote nilipokuwa kwenye maji, wewe hukuwepo. Nikija kwako, maji hayapo. Mimi nataka niwe na vyote viwili kabla sijazeeka zaidi ya hapa."

Mong'ina aliendelea kumenya. Kiazi kiliisha, akachukua kingine. Hatimaye akasema, "Basi usifike kwenye migomba yangu." Okari alijua hapo ameshapewa ruhusa.

Aliyefuata kuja kuuliza alikuwa Gisiri, jirani yake Mkuria, ambaye ng'ombe wake walikunywa maji ya kijito kile. Alifika na fimbo yake, akasimama ukingoni, akatazama vijiti vyote bila haraka.

"Jirani, nasikia unafunga mto."

"Sifungi. Nachelewesha tu." Okari alimwonyesha mahali ambapo bomba lingepita chini ya tuta la kuzuia maji na kuyamwaga kwenye hodhi upande wa chini. "Ng'ombe wako watakunywa kabla ya samaki wangu."

Gisiri alifikiria. "Sawa. Lakini nitakuwa nakuja kuangalia."

Wachimbaji walitoka Masara, wakiongozwa na kijana mmoja mpana wa mabega aliyeitwa Obare. Hawa walikuwa watu wa dhahabu, waliozoea kushuka chini ya ardhi na tochi kichwani, na kuchimba juani hivyo, wakipigwa na upepo, kwao kulikuwa kama likizo. Tatizo lilikuwa moja: watu waliwajua. Mtu akiona wachimbaji wa Masara wamehamia shamba la mzee mstaafu, hafikirii maji.

Uvumi ulienda haraka. Siku ya tatu bonde lilijaa watu wenye karai na magunia.

"Omera, ndugu yangu, hapa hakuna dhahabu," Obare alimwambia kila aliyefika. "Huyu mzee anachimba ziwa."

"Mnatuficha," walimjibu, wakapakia udongo.

Okari alizuia tu ule aliouhitaji kwa tuta. Uliobaki waliubeba wenyewe, wakaenda kuuosha huko chini kwenye kijito, wakatazama ndani ya karai, wakarudi kuchukua mwingine. Mong'ina aliona watu wana njaa, akateremsha ndizi mbivu na uji, akauza mpaka akaacha kwenda sokoni. Dhahabu haikuonekana hata chembe. Wiki hiyo ilipoisha, lundo la udongo ambalo lingemsumbua Okari mwaka mzima lilikuwa limetawanyika kwa watu, na shimo kubwa lenye umbo la figo lilikuwa limebaki bondeni, safi kabisa.

Kisha ikaja mashua. Okari aliiagiza kutoka Mbita, mashua ndogo ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, ikaletwa juu ya lori. Ilipopita mjini Migori, vijana wa bodaboda waliifuata hadi njia panda wakipiga honi. Ilishushwa ukingoni mwa shimo kavu, ikakaa kwenye nyasi.

Sabato iliyofuata, Machuki, mzee wa kanisa, alimkaribia Okari baada ya ibada. "Ndugu, tuambie mapema. Tuanze kukusanya wanyama wawili wawili?" Watu walicheka sana, na Okari alicheka pamoja nao. Tangu siku hiyo kanisani akaitwa Nuhu. Wajaluo wa kituo cha biashara walikuwa na jina lao, Wuon Nam, mwenye ziwa, nao walilitamka kwa heshima ya utani, wakivua kofia.

Mvua za kwanza zilipokuja, kijito kilivimba na shimo likaanza kujaa. Okari alisimama kwenye manyunyu akiwa na mwavuli, haoni haya. Maji yalipofika magotini aliisukuma mashua ndani, akaketi humo peke yake mpaka giza likaingia. Asubuhi alipoteremka, mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya matope. Maji yote yalikuwa yamenywewa na ardhi.

Mvua ikanyesha tena, shimo likajaa tena, na likakauka tena. Ardhi ya bonde lile ilikuwa na mchanga kuliko alivyodhani. Watu waliopita barabarani walianza kusimama na kutazama, kisha kuendelea na safari wakitikisa vichwa. Okari aliacha kushuka bondeni. Chai yake akawa anainywea ndani.

Mong'ina alikuwa ametarajia kufurahi mambo yakifika hapo. Hakufurahi. Alimwona mumewe akifuta meza iliyokuwa safi, akisikiliza redio bila kusikia, na moyo ukamuuma.

Jioni moja alikwenda kwa Gisiri kununua maziwa. Kwenye lango la zizi alisimama. Ardhi ilikuwa imejaa nyayo za ng'ombe, na kila unyayo ulikuwa na maji. Mahali pamoja palikuwa na dimbwi kubwa, na bata wawili walikuwa wakioga humo. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi.

"Gisiri, haya maji yako hapa tangu lini?"

"Tangu ile mvua kubwa. Hii maji haiendi popote. Ng'ombe wamekanyaga mpaka chini imekuwa kama chungu."

Mong'ina aligeuka akaenda nyumbani. Maziwa aliyasahau.

"Inuka," alimwambia mumewe. "Shimo lako halijakanyagwa."

"Halijafanywa nini?"

"Tunapokanda udongo wa kuta za nyumba si tunaukanyaga? Ukikauka, maji yanapita? Lete udongo wa vichuguu, umwage humo chini, uulowanishe. Halafu mwombe Gisiri ng'ombe wake."

Okari alizima redio. "Wewe si hukutaka hili ziwa?"

"Sikutaka. Lakini sasa limenikasirisha."

Obare na wenzake walirudi. Waliivuta mashua ikarudi kwenye nyasi za ukingoni, wakabomoa vichuguu vilivyokuwa vimeota kwenye malisho, wakaongeza udongo mweusi wa mfinyanzi kutoka upande wa chini wa bonde, wakautandaza shimoni na kuumwagia maji. Jumapili asubuhi Gisiri aliteremsha ng'ombe wake wote, pamoja na wa shemeji yake.

"Hawa hawajawahi kuitwa kazini," alisema. "Sijui watafanyaje."

Walifanya vizuri. Susana, mke wa Gisiri, alitangulia mbele akiimba wimbo wa kuchungia, ng'ombe wakamfuata wakizunguka shimo, kwato zikizama na kutoka kwa mlio wa kufyonza. Vijana waliwafuata nyuma, miguu peku, wakikanyaga nao. Fahali mmoja mwekundu alipenda matope yale kiasi kwamba zamu yake ilipoisha alikataa kutoka. Okari alikwenda kumsukuma, akateleza, akakaa chini kwa kishindo. Wote wakanyamaza kwa sababu ya mgongo wake. Yeye akabaki amekaa humo, matope hadi kiunoni, akicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Mong'ina alikuwa amepika ugali na nyama ya mbuzi kwenye sufuria za harusi. Walikula wote ukingoni, Wakisii, Wakuria na Wajaluo, matope yakikauka miguuni.

Masika yalipoanza, Okari alikataa kwenda kuangalia. Alisema ana kazi ya kurekebisha mlango. Kwa hiyo Mong'ina alikwenda yeye, kwa viatu vya mpira, asubuhi baada ya mvua iliyopiga mabati kwa nguvu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Njoo."

Maji yalikuwa pale. Kesho yake yalikuwa pale pia, yamepanda. Wiki ilipita, kijito kikaendelea kumimina, na siku moja waliteremka wakakuta mashua imejiinua yenyewe kutoka kwenye nyasi na kuelea, ikigeukageuka taratibu kama inayojitazama. Bomba lilimwaga maji kwenye hodhi. Gisiri alikuja, akaangalia, akanywesha ng'ombe, akaondoka bila neno. Kwa Gisiri hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Okari alinunua vifaranga vya samaki aina ya ngege akavimwaga humo. Ndege aina ya mdiria wakaja bila kualikwa, na bata wa Gisiri wakahama kabisa kutoka zizini.

Ilibaki safari moja. Mong'ina aliahirisha kwa sababu ya palizi, kisha mafua, kisha wageni ambao hawakuja. Alasiri moja tulivu aliteremka mwenyewe, akaingia mashuani, akaketi katikati na kushika kingo zote mbili.

"Kina chake?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Ukisimama, maji yatakufika kifuani."

"Basi siwezi kufa."

"Hapana. Labda kwa njaa, tukichelewa."

Okari alipiga kasia polepole. Walipofika katikati aliacha, akamwambia afumbue macho. Mong'ina alifumbua jicho moja, kisha la pili. Aliona migomba yake kutoka upande ambao hakuwahi kuiona, majani yamesimama kichwa chini ndani ya maji. Aliona paa la nyumba yake, na moshi wa jikoni.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukikaa huko Mfangano?"

"Hivi hivi. Ila sikuwa na mtu wa kuongea naye."

Mong'ina aliachilia ukingo mmoja, akatia vidole majini. "Nipe hilo kasia," alisema.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa akizungusha mashua peke yake. Halafu Susana akamshawishi waingie majini kabisa, wakaingia na magauni yao ya zamani, wakishikana mikono, wakapiga kelele kama wasichana wa shule. Susana alijifunza kuelea kwanza. Mong'ina hakupenda kushindwa, naye akajifunza siku iliyofuata.

Kisha akaja Machuki, na safari hii hakutaja Nuhu. Kanisa lilikuwa na watu wa kubatizwa, na kila mwaka iliwabidi kukodi gari hadi mto Kuja, ambao ulikuwa na mkondo mkali na matope. Je, ndugu Okari angeruhusu?

Sabato ile bonde lilijaa kuliko siku za dhahabu. Kwaya ilisimama juu ya tuta. Mchungaji aliingia majini na joho lake, na wabatizwa wakamfuata mmoja mmoja. Yote yalikwenda kwa utulivu hadi zamu ya Kerosi, mwenye duka la simenti, mtu mzito na mpole. Alipoinuliwa kutoka majini alitoa ukelele mkubwa, akaruka. Kina mama wakaitikia "Amina" kwa nguvu, na mmoja akaanza kulia kwa furaha.

"Ni samaki," Kerosi alisema. "Wananiuma vidole."

Mchungaji alijitahidi kuficha uso wake ndani ya mkono wa joho. Kwaya ilipojaribu kuendelea na wimbo, sauti ya pili haikuweza kabisa kwa kicheko.

Mwezi wa Agosti shule zilipofungwa, Nyanchama, binti yao anayefundisha Kendu Bay, alikuja na familia yake. Walifika saa kumi jioni wakakuta nyumba wazi, kuku uani, na hakuna mtu. Aliita, hakujibiwa. Watoto walikuwa wameshasikia sauti za vicheko, wakakimbia bondeni.

Wazazi wake walikuwa katikati ya ziwa. Baba alikuwa ameegemea mto wa kitanda, kofia juu ya macho, na mama alikuwa ameshika ndoano, hatazami ndoano yenyewe, anasimulia jambo refu kuhusu mtu fulani wa sokoni huku mumewe akitikisika kwa kicheko.

"Mama," Nyanchama aliita. "Tumefika."

Mong'ina alipunga mkono. "Karibuni. Chai iko kwenye thamosi, na viazi viko mezani. Jipakulieni." Kisha akageuka akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia, na mashua ikasogea kidogo, ikaingia kivulini.