Kumchosha Dizeli

Nyumbani kwetu ile methali ya haraka haraka haina baraka ilikuwa marufuku. Ukiitamka mbele ya mama ulikuwa unajitafutia kofi. "Kawaambie wanaouza vitanda," alikuwa anasema, kisha anafunga kamba za viatu na kutoka. Mama yangu alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Watu walimbandika jina la Dizeli, kwa sababu alianza taratibu kama lori lakini akishawaka hazimiki.

Kisha akapata ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, halafu jina la kaka, halafu langu. Mama za wenzetu wakisahau hukaa kitini wakatazama ukuta, au wakipotea hupotelea hapo sokoni na kurudishwa na jirani. Wetu alitoka mbio. Mara ya kwanza polisi walimkuta mji wa pili, mzima kama kigingi, anawauliza meza ya maji ya wakimbiaji iko wapi.

Kitu kimoja hakukisahau, nacho ni kikao cha Jumapili. Tangu tukiwa wadogo, kila Jumapili baada ya chai alitukalisha mezani jikoni, mimi na kaka, na kutuuliza maswali matatu: tulisema nini, tumefanya nini, sasa tunataka nini. Alianza na mbio zake, zikafuata za kaka, zikafuata hesabu zangu za shule ambazo hazikuwa na mbio zozote. Kaka akaishia kuwa kocha wa riadha shuleni. Mimi sikuwahi kupenda kukimbia. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo sebuleni, na ndiyo maana mama aliachwa mikononi mwangu.

Jumapili moja kaka akaja na mfuko wa plastiki. Akautua mezani, ukalia. Nikaufungua: kufuli, kubwa, jipya, na mafuta yake bado.

"Hili la nini?"

"La mlango wa mbele," akasema bila kunitazama.

"Mama si mbuzi, kaka."

"Mbuzi hafiki barabara kuu, dada yangu. Yule anafika. Unataka tumzoe kwa koleo?"

Nilimtukana. Sitasema nilimtukana vipi, maana mama mwenyewe alikuwepo, amekaa kichwani pa meza, mikono imekunjwa, anasubiri kikao kianze. Daktari alikuwa ametuambia kitu kimoja cha maana katika maneno yake mengi: huyu akikaa, anakwisha. Miguu yake ndiyo inayomweka duniani. Sasa kaka, aliyelishwa na miguu hiyo hiyo, analeta kufuli! Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakaziba.

"Haya," mama akasema. "Tulisema nini?"

Kaka ndiye aliyepata wazo, na nikiri lilinifurahisha. "Tumchoshe," akasema. "Mimi alfajiri kabla ya kazi, wewe jioni kwa baiskeli. Akichoka atalala. Akilala hatatoka."

Basi tukamchosha. Kaka akampeleka mpaka kiwanda cha matofali na kurudi. Mimi jioni nikamfuata kwa baiskeli kupita gereji, daraja, mpaka kisimani. Wiki za mwanzo ilikuwa raha tupu. Alirudi, akala, akalala kama gogo, nami nikashona sare za shule bila kuinua kichwa kila mlango unapolia. Nikamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba kaka yangu ana akili.

Halafu kidogo kidogo mama akawa halali. Akawa anarudi kutoka mbio za jioni na kusimama uani akinyoosha mapaja, anatazama lango. Mashavu yamejaa, macho yanang'aa, vigimbi vya miguu vigumu kama mawe. Muuza mkaa wa jirani ndiye aliyetufumbua macho, huku akicheka mpaka akashika kiuno.

"Nyie watoto mna vituko! Mwezi mzima mnamfanyisha mazoezi mama yenu halafu mnashangaa amekuwa fiti?"

Kaka alisimama pale na filimbi yake shingoni. Kila siku ya Mungu huwapigia kelele watoto wa shule kwamba mwili ukiuchosha leo, kesho unarudi na nguvu zaidi. Kocha mzima, na cheti kiko ukutani. Ningecheka na mimi kama nisingekuwa na hofu. Tulikuwa tumemwandalia mama mbio ambazo sisi wenyewe hatungeweza kumkamata.

Jumapili ile kikao kilikuwa kizito. Mama akauliza, "Tumefanya nini?" na kaka akakuna kichwa.

"Tumeharibu, mama."

"Ukiharibu, unabadili lengo. Hulii." Alisema hivyo kwa sauti yake ya zamani kabisa. "Sasa tunataka nini?"

Kaka akanigeukia mimi. "Sasa hivi ni likizo, lakini shule zikifunguliwa sitakuwepo mchana kutwa. Lengo jipya si lake, ni lako. Uweze kumfuata kwa miguu, kokote atakakokwenda, mpaka achoke yeye. Anapita uchochoroni na shambani, baiskeli haikusaidii. Ukiweza, kufuli linabaki mfukoni. Usipoweza, nalifunga mimi mwenyewe, na unitukane unavyotaka."

"Mimi? Na hili tako la kukalia cherehani?"

"Na hilo hilo."

Nikaanza. Jamani, acheni tu. Siku ya kwanza nilifika gereji nikashikilia mti, natapika chai, na mafundi wananiuliza kama niletewe jeki. Mama mwenyewe alinifundisha bila kujua ananifundisha nani. "Wewe binti," alikuwa ananiambia, "pumua kwa tumbo. Mabega chini. Usigeuke nyuma hata siku moja. Ukisikia sauti nyuma yako, hiyo ni ya mtu anayetaka kukupita. Unaongeza." Na alinieleza habari za mapumziko, ambazo nilizijua tangu utotoni: mbio zikiisha, kesho yake mkimbiaji hashiki hata ndoo. Mwili ukiambiwa basi, uheshimiwe. Enzi zake, siku ya pili ya mbio alilala mchana kutwa, sisi tunampelekea chakula kitandani, na hata baba hakuthubutu kumwita. Aliondoka kitandani pale tu kocha wake alipokuja mlangoni kumwambia mapumziko yamekwisha. Kocha huyo tulimzika zamani.

Kufikia shule zinafunguliwa, nilikuwa naweza kufika kisimani na kurudi nikiwa bado na maneno mdomoni. Nilijisikia mtu. Kaka alinipima na saa yake akatikisa kichwa, akasema, "Bado kidogo, lakini haya." Kufuli likabaki mfukoni, juu ya kabati.

Siku yenyewe nilikuwa na sare nyingi za kumaliza. Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano niliposikia lango. Nikatoka na futi ya kupimia shingoni. Mama alikuwa tayari anakata kona ya muuza mkaa, peku, gauni limekunjwa kiunoni.

Kwenye gereji wale mafundi waliacha kazi wakampigia makofi. "Dizeli! Dizeli!" Wajinga wakubwa. Badala ya kumshika, wanamtia moto. Hakushika njia ya kisimani. Alikunja kulia, kuelekea barabara kuu, ambako malori ya kokoto hushuka mlimani na breki zao za kubahatisha.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Nilimkaribia, Mungu ni shahidi yangu. Niliona nyayo zake zina vumbi, niliona jasho mgongoni. Nikapaza sauti, "Mama!"

Akaongeza.

"Mama, simama! Ni mimi!"

Akaongeza tena. Hapo ndipo nilipokumbuka: sauti nyuma yako ni ya anayetaka kukupita. Kila nilipomwita nilikuwa namsukuma barabarani. Nikafunga mdomo, nikakaza miguu, na miguu haikutosha. Bado kidogo ya kaka ilikuwa kweli. Mbele nikaona lori linashuka, nikasikia honi, na mama hakugeuza hata kichwa.

Sijui maneno yalitoka wapi. "Mwisho!" nikapiga yowe. "Umemaliza! Dizeli, umemaliza!"

Mama akainua mikono yote miwili juu. Akapunguza, hatua moja, mbili, akasimama ukingoni mwa lami. Lori likapita mbele ya kifua chake, vumbi likatufunika wote. Nilipomfikia nilimkumbatia nikaanguka naye kwenye majani, nalia kama mtoto.

"Wa ngapi?" akauliza huku anahema.

"Wa kwanza, mama."

"Na wewe?"

"Wa pili."

Akanipigapiga mgongoni. "Usilie. Ulikuwa unakuja vizuri, nilikusikia. Mwakani utanipita."

Mafundi walituletea pikapu yao. Nilimwosha miguu, nikampaka mafuta, akala vizuri na kulala akiwa anatabasamu. Kaka alipofika nilimsimulia, naye akakaa chini sakafuni akafunika uso. "Umemwokoa," akasema. Nami nikaamini.

Kesho yake mama hakuamka kukimbia. Nikasema, mwache apumzike. Kesho kutwa vile vile. Siku ya tatu nilimwendea na viatu. "Mama, twende kidogo, mpaka gereji tu."

Alinishangaa. "Wewe vipi? Watu tumemaliza jana."

Kila siku kwake ikawa ndiyo siku ya pili ya mbio. Anaamka, anakumbuka mikono iliyoinuliwa, anajifunika shuka. Nimemwambia mapumziko yamekwisha. Kaka amemwambia. Hatutambui sote wawili, kwa nini atusikilize? Anamsubiri kocha wake, na mimi siwezi kumfukua mtu kaburini. Tulipojaribu kumsimamisha kwa nguvu alitulaani, mwanamke ambaye hajawahi kumlaani mtu. Daktari alikuja, akabonyeza vile vigimbi, kidole kikazama. Akasikiliza kifua, akakunja vifaa vyake, akaongea na kaka nje.

Kufuli kaka alilirudisha dukani. Jirani mmoja alinifariji kwa kusema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nikamwambia atoke kabla sijamtoa mimi.

Nami bado nakimbia. Alfajiri nafika kisimani, napita, narudi, sihemi. Pumzi ya kumfuata mama kokote ninayo sasa, ila mama haendi popote. Siachi, kwa sababu nikiacha nitakaa chini nilie, na sare za watu zitashonwa na nani?

Jumapili iliyopita tulihamishia kikao chumbani. Kaka alikaa kwenye kigoda, mimi pembeni ya kitanda. Mama amekwisha, mkono wake ni mfupa na ngozi. Alikuwa hana nguvu ya kuuliza, nikauliza mimi.

"Haya, mama. Tulisema nini?"

"Tulisema nitamaliza."

"Tumefanya nini?"

"Nimemaliza." Akatabasamu kwa meno yote. Kaka akageukia dirisha.

"Sasa tunataka nini?" Nilikuwa nimeshapanga lengo: kutoka kitandani mpaka mlangoni, basi. Kesho mpaka mlangoni, Jumapili ijayo mpaka uani. "Mama, tufike mlangoni tu. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Alinitazama kwa huruma, akanishika kidole.

"Pumzika na wewe, binti," akasema. "Nilikusikia jana. Ulikimbia sana."

Nikavua viatu, nikalala pembeni yake.