Mkasi Mmoja, Magauni Mawili

Mimi ni fundi cherehani, na sina dogo. Mteja akinirudishia gauni kwamba linambana, na kilichoongezeka ni yeye, namwambia. Akiniletea kipande cha kitambaa akataka nitoe blauzi, sketi na kilemba, namuuliza kama ameona nje nimeandika mganga. Lakini yupo mtu mmoja ambaye sijawahi kumzungushia tepu kiunoni, naye ni pacha wangu.

Ya nini? Mwili wake ndio wangu. Mama alipokuwa akitushonea tukiwa watoto, alikunja kitambaa mara mbili, akanipima mimi tu kwa sababu mwenzangu alikuwa hatulii, akapitisha mkasi mara moja, zikatoka nguo mbili. Niliporithi cherehani nikarithi na ukataji huo. Mabega yaleyale mapana, na makalio yaleyale ambayo hayaingii kwenye kiti cha mikono bila kuomba radhi. Nikinenepa najua amenenepa. Watu walishachoka kututofautisha, wakatuita jina moja, Pacha, yeyote atakayeitika basi ndiye. Na sisi wenyewe tukaitana hivyohivyo.

Mchumba wake wa kwanza, mwalimu wa kufundisha udereva, alinikuta sokoni siku moja nimeinamia vitunguu. Akanikumbatia kwa nyuma, akaninong'oneza maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye heshima zao. Nilimwacha amalize kwanza, maana yalikuwa matamu, ndipo nikageuka nikamwambia, "Shemeji, umekosea mlango." Kisa hicho nimekisimulia kwenye kila shughuli ya familia na watu wamecheka mpaka kushika mbavu. Pacha naye alikuwa akicheka, au ndivyo nilivyokuwa naona.

Basi mdogo wetu wa mwisho akatangaza kuoa. Nikanunua jora la kitambaa cha kijani kinachong'aa, nikampigia Pacha simu. Yeye alikuwa mpokeaji wageni kwenye hoteli moja ya mji mwingine, na ulikuwa umepita karibu mwaka mzima hatujaonana. Kila nikitaka simu ya picha, kamera imeharibika. Kamera ikipona, bando limekwisha. Nikamwona bahili tu.

"Pacha, kitambaa ninacho. Utakuja kujaribu lini?"

Akanyamaza kidogo. Siku hizo nikimwita Pacha alikuwa ananyamaza hivyo kabla ya kuitika.

"Kata tu," akasema. "Wewe si unajua vipimo."

Nikakunja kitambaa mara mbili, nikajipima, nikakata. Nilishona magauni yote mawili kwa moyo mweupe, nikayatundika ukutani, huwezi kujua lipi la nani.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, akashuka kwenye teksi amevaa koti kubwa, na mtandio umemzunguka kichwa na shingo, jua likiwa kali la kukausha dagaa. Mama alimkumbatia, kisha akanitazama juu ya bega lake kwa macho ambayo sikuyaelewa.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Nimechoka na safari tu, mama."

Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Shangazi alimshika kidevu akakigeuza huku na huku. "Salale! Uso umekuwa mdogo, umependeza! Umetumia nini? Hebu mpe na mwenzako siri, maana huyu akikaa kwenye benchi sisi wengine tunasimama." Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila nilichomwa kidogo, nisiseme uongo. Chakula kikaletwa. Pacha akasema amekula njiani. Baadaye nikamwona anazungusha kijiko kwenye chai isiyo na sukari, anazungusha tu, chai haipungui.

Alasiri nikamvuta dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu, nikafunga mlango na kushusha pazia. "Haya, vua hilo koti ujaribu, nikitaka kupunguza upindo nipunguze sasa hivi. Jioni nina mambo chungu nzima."

Akageukia ukuta. Akavua haraka, akaliingiza gauni kichwani kabla sijamtazama vizuri. Kisha akanigeukia, akashusha mikono.

Gauni likaanguka.

Sisemi lilipwaya. Wateja wangu wanajua kupwaya ni nini. Liliteleza kutoka mabegani, likapita kifuani, likapita kiunoni, likapita mahali ambapo nguo zangu huwa zinahitaji kusukumwa kwa mikono miwili, likatua miguuni. Na aliyebaki amesimama katikati yake, Mungu wangu, sikumjua.

Niliona mbavu. Niliona mifupa ya nyonga imechomoza kama pembe za meza. Mapaja yalikuwa membamba kuliko magoti. Mgongoni, kwenye kioo changu cha wateja, uti wote ulionekana, pingili moja moja. Mwili ule niliujua kuliko kitu chochote duniani, ndio ninaouogesha kila siku, na sasa nilikuwa natazama umebanduliwa nyama ukiwa hai. Nilijishika tumbo langu mwenyewe kuhakikisha bado lipo.

"Toba," nikasema. "Toba, toba! Nani kakufanya hivi?"

Yeye alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeleta cheti kizuri cha shule.

"Nimejifanya mwenyewe. Nilitaka lianguke mbele yako. Ndiyo maana sikukuambia. Nimeisubiri siku hii, hujui tu."

"Unaumwa. Sema ukweli. Una ugonjwa gani?"

"Siumwi! Nakula kalori mia nne kwa siku, sizidishi. Yai, tango, kahawa kavu. Tuko wengi kwenye kundi la simu, tunatiana moyo. Nilianza na nyingi, nikapunguza, nikapunguza. Mwanzoni njaa inauma, baadaye inanyamaza." Akajipapasa mbavu. "Bado kidogo hapa."

"Bado nini? Bado mifupa?" Sauti yangu ilipanda mpaka nikasikia wageni uani wamenyamaza. "Wewe mwendawazimu! Mtoto mchanga anakula zaidi ya hivyo! Nani alikuambia ulikuwa mbaya? Mwanamume gani? Nitajie nimfuate na mkasi!"

"Hakuna mwanamume."

"Basi nani?"

Alikusanya mikono kifuani. Ndipo nikaona anatetemeka, katika joto lile la chumba chenye pasi ya moto.

"Wewe," akasema. "Kila nilipokwenda, ulikuwa umeshafika. Yule mwalimu alikukumbatia wewe, akakunong'oneza yale maneno, asijue si mimi. Mtu aliyesema ananipenda mimi peke yangu! Na wewe ukafanya kichekesho. Kila harusi, kila arobaini, unasimulia na mimi nacheka. Nilitaka mtu mmoja tu aniangalie asikuone wewe. Sasa wananiona. Kazini hakuna anayejua kama nina pacha."

Niliona hasira yangu inatafuta pa kwenda na haipaoni. Iliniuma, tena iliniuma vibaya, kwamba mtu angekubali kujikausha kama kuni ili tu asifanane na mimi. Mimi nilidhani kufanana ndiyo bahati yetu.

"Usilie," akasema. "Lipunguze tu. Kwa mkono wako lipunguze hilo la kwangu, lisifanane na la kwako."

"Silipunguzi."

"Mkubwa, nakuomba."

Tangu tuzaliwe alikuwa hajawahi kuniita Mkubwa. Mama ndiye aliyekuwa akituita hivyo, Mkubwa na Mdogo, kwa ile nusu saa niliyomtangulia.

Nikafungua mdomo kumjibu. Yeye akainama kuokota gauni, akainuka, macho yakapanda juu yakabaki meupe, akaniangukia. Mtandio ukachomoka. Nywele zilikuwa zimebaki za kuhesabika, ngozi ya kichwa inaonekana kama ya kikongwe.

Nikamfunga kwa kitambaa cha kijani kilichobaki, nikambeba peke yangu mpaka barabarani huku napiga kelele za kutafuta gari, tukaondoka kabla wa uani hawajajua kuna nini. Jora zima la kitambaa likija kutoka dukani huwa naita mtu anisaidie kulibeba. Pacha wangu sikuita mtu.

Hospitali walimtundikia maji na kumbandika nyaya kifuani. Daktari, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni. Nilimweleza yale ya kalori. Akatikisa kichwa.

"Moyo unapiga polepole mno, na chumvi za damu zimekwisha. Mwili usipopewa chakula unajila wenyewe. Unakula mafuta, ukimaliza unakula nyama. Na moyo nao ni nyama."

"Basi ngoja nikalete chakula! Nyumbani kuna sufuria zimejaa, kesho tuna harusi, ngoja—"

Akanishika mkono kwa nguvu. "Nisikilize vizuri. Ukimlisha kwa pupa, chakula hichohicho kitamwua. Mwili umeshasahau. Tutampa kidogo kidogo, kwa kipimo nitakachosema mimi, na lazima akubali mwenyewe kumeza. Akikataa, sijui kama moyo huo utafika wiki ijayo."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido. Nimezoea kusikia njaa inaua. Kwamba na chakula kinaweza kuua, hilo sikuwahi kulisikia, na sikujua tena mtu amkimbilie nani.

Mama nilimwambia kwa simu kwamba amezirai kwa uchovu, asiache wageni, nitabaki naye mimi. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda nikimtazama kifua kinavyopanda. Kila kikichelewa kupanda, na mimi pumzi yangu inangoja.

Asubuhi akafumbua macho. Daktari alikuwa ameagiza maziwa mepesi kwenye kikombe, vijiko vichache tu. Nikamsogezea cha kwanza mdomoni. Akaugeuza uso.

"Yana kalori ngapi?"

"Pacha, jamani."

"Sema ngapi."

"Sijui! Na ningejua nisingekwambia! Kunywa, mdogo wangu. Nakuomba. Nitafanya lolote. Kile kisa sitakisimulia tena mpaka nakufa. Nitahama mji. Nitakata gauni langu vipande. Kunywa tu."

Akafumba midomo. Ilikuwa imepasuka na kukauka, nayo ameibana kweli kweli, na mimi nimeshikilia kijiko palepale, maziwa yananimwagikia kwenye kidole. Nikasema moyoni, basi, amekwenda huyu, amekwenda mbele ya macho yangu, maziwa yakiwa karibu na mdomo.

Pazia likafunguliwa. Akaingia muuguzi wa zamu ya asubuhi, ambaye jana hakuwepo, mwanamke mchangamfu mwenye ndevu mbili tatu kidevuni. Kwa umri alikuwa sawa na sisi, labda ametuzidi kidogo.

"Dada, habari za kuamka," akaniambia, akikagua maji. Kisha akamwinamia Pacha, akapiga goti kidogo kwa adabu, akasema kwa ile sauti tunayowatolea wazee wetu:

"Shikamoo, mama."

Muuguzi alikuwa anangoja aitikiwe. Pacha alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

"Mama yako amelala vizuri?" muuguzi akaniuliza. "Mmefanana macho, kweli. Wewe ni wa kwanza au wa mwisho kwake?"

Nilimwona Pacha ananyanyua mkono wenye sindano, taratibu, ananigusa shavu kwa ncha za vidole. Shavu langu nene. Kisha akajigusa lake.

"Sisi ni pacha," akasema.

"Ndiyo, mama, ndiyo." Muuguzi akamrekebishia shuka.

"Ni pacha wangu huyu. Tumezaliwa siku moja."

"Sawa, mama yangu, nimekusikia." Akanivuta kando akanong'ona, "Usiogope, dada. Wazee wakidhoofu hivi akili huyumba kidogo. Endelea kumpa maziwa, polepole." Akatoka zake na pazia akalirudisha.

Pacha alikuwa analia bila machozi. Nadhani maji ya kutoa machozi hayakuwepo.

"Mwambie," akasema. "Mfuate umwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie mimi si mama yako."

"Nitamwambia, Pacha. Fungua mdomo."

Safari hii aliitika jina hapohapo. Akafungua.