Kibanda cha Askari

Bati la mlango lilinichoma viganja nilipolivuta, na komeo likakataa kufunguka. Ndani sikusikia kitu. "Askari! Askari!" niliita, huku nikigonga komeo kwa jiwe, na punda nyuma yangu akiwa bado amebeba mitungi minne ya maji. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa tisa, hapa kwetu Kyuso. Jua la mwezi huo halimhurumii mtu.

Ni mimi niliyemchagua mbwa huyo. Fisi walikuwa wamenimalizia mbuzi, nikabaki na watatu tu, na mjane asiye na mbuzi huku kwetu ni mtu wa kuombaomba. Mwanangu Musyoka, anayefanya kazi Nairobi, akanitumia picha za mbwa kwenye simu. Sikuwa nimewahi kufuga mbwa maishani mwangu.

"Chagua, mwaitu, mama yangu," akaniambia. "Nitakutumia yule unayempenda."

Kulikuwa na mmoja mwembamba wa manyoya mafupi. Huyo sikumtazama mara ya pili. Nilimtaka yule wa manyoya mengi shingoni, wa jamii ile ya mbwa wa polisi, kwa sababu nilijiambia fisi akimwona atadhani ni simba. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote ya mbwa.

Jirani yangu, mzee Nzuki, alikuwa ameshaniahidi mtoto wa mbwa wake wa kienyeji. Nilimcheka. "Huyo wako atamfukuza nani, mzee? Hata kuku hawamwogopi." Akaenda zake.

Askari alipofika nilivimba kichwa. Watu wa kanisani walikuja kumwona, na kila mmoja akanipa ushauri uleule tuliolelewa nao: mbwa wa ulinzi afungiwe mchana asizoeane na watu, ndipo akifunguliwa jioni awe mkali. Nikamjengea kibanda cha mabati matupu, kuta na paa. Asubuhi namwekea maji, nafunga, naenda mtoni kuchimba maji mchangani, narudi kabla jua halijapanda. Kila nikirudi namkuta ulimi nje, anahema, nami nafikiri ukali ndio unaingia. Jamani, ujinga wangu!

Siku hiyo foleni mtoni ilikuwa ndefu, na kisima chetu kilikuwa kikitoa maji kikombe kwa kikombe. Nilimkumbuka nikiwa bado katikati ya foleni. Ningeweza kuondoka. Lakini mbuzi walikuwa na kiu tangu jana, nikapiga moyo konde, nikangoja.

Komeo lilipotoka, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Bakuli lake lilikuwa limepinduka, limekauka kabisa. Nilimburuta hadi kivulini, nikammwagia mtungi wa kwanza mwili mzima, nikachukua wa pili, kisha wa tatu. Mbuzi waliposikia maji wakaanza kulia zizini. Sikuwajali. Nililia kwa sauti nikimwomba Mungu asimchukue, maana mwenye kosa ni mimi.

Mzee Nzuki alisikia kilio akaja mbio. Alipiga magoti, akaweka mkono ubavuni mwa Askari, akauacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akanipokonya mtungi wa nne.

"Inatosha, Mama Musyoka. Maji haya wape mbuzi."

"Bado ana joto, mzee! Mguse!"

"Ni joto la jua tu hilo. Moyo haupigi."

Nilikaa chini kwenye tope nililolifanya mwenyewe. Naye akakaa kando yangu, na suruali yake safi. Akaniuliza polepole, "Lakini kwa nini ulikuwa unamfungia?"

"Nilitaka awe mkali."

"Na akawa?"

Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia kwamba nilipofungua mlango macho yake hayakuwa yakiniona tena, lakini aliposikia sauti yangu alitingisha mkia.