Mbegu Mbili, Shimo Moja

Kunde zilikuwa zimetoa majani ya kwanza kuchumika, na asubuhi hiyo Madina aliwaambia watoto wainjike chungu, leo wangekula mboga. Tangu Jumatatu walikuwa wakitafuna mizizi ya yungiyungi.

Alikuwa hajachuma hata jani moja. Bwana Shamba Ngala aliingia shambani na buti zake, mwakilishi wa serikali ya Mzungu mwaka ule wa 1956. Nyuma yake alikuja Jillo, mzee wa kijiji cha Hewani, ndugu wa marehemu mume wa Madina.

"Nani alikwambia uchanganye kunde na mahindi?"

"Ndivyo tupandavyo, Bwana. Mahindi ni ya miezi mitatu, na watoto hawangoji miezi mitatu. Mto ukikataa kujaa tena, mahindi hufa. Kunde hazifi."

"Mahindi haya ni mbegu ya serikali, hupandwa peke yake, kwa mstari. Ng'oa hizo takataka."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Madina akamtazama Jillo. Jillo akatazama mto.

"Shemeji, ng'oa tu," akasema mzee huyo kwa sauti ndogo. "Jirani yetu Thoya alibisha, mpaka leo amefungwa Garsen."

"Lakini nilitia mbegu mbili shimo moja, mizizi imeshikana. Niruhusu nizikate kwa kisu, Bwana."

"Zitachipua tena. Nataka mizizi."

Madina akainama. Mkono mmoja ukakandamiza mche wa mahindi, mwingine ukavuta kunde. Vyote viwili vikatoka. Akajaribu shimo la pili, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Vikatoka vyote. Akainua uso, akidhani mtu mwenye macho ataona.

"Endelea," akasema Ngala.

Adhuhuri shamba lilikuwa kipara. Bwana Shamba akaliangalia lile rundo, mahindi na kunde pamoja, akakunja uso.

"Umeharibu mbegu ya serikali kwa makusudi."

Madina alimchukia siku hiyo kuliko alivyomchukia mamba aliyemla mumewe. Mamba hakumlaumu aliyeliwa. Lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Basi nichume majani, Bwana. Watoto wameinjika chungu."

"Huo ni ushahidi. Jillo, funga mzigo."

Mzee akafunga rundo lote, kunde na mahindi, akajitwika, bila kumtazama shemeji yake. Ngala akamwachia Madina kopo la mbegu mpya za mahindi, nyekundu kwa dawa ya wadudu.

"Usizile, zina sumu. Panda leo. Mwezi ujao nisipoona mistari, shamba atapewa mtu mwenye akili."

Wakaenda zao.

Maji ya mafuriko yalikuwa yamerudi mtoni wiki tatu zilizopita, na udongo ulikwisha kupasuka. Mbegu isingeota humo, hata mtoto alijua. Madina akafunga kamba kwenye vijiti viwili, akaanza kupanda. Mstari wa kwanza ulinyooka sawasawa.

Alipokuwa kwenye wa pili, Mumina, binti yake mkubwa, akaja mbio kutoka nyumbani.

"Mama, maji yamechemka tangu saa ile. Tutie nini?"

Madina akakifumbua kiganja chake. Zile mbegu zilikuwa nzuri, nene, na kopo lilikuwa bado limejaa.