Kiti cha Kicheko

Kila siku saa tisa na dakika kumi alasiri, Bi Pasi alinyoosha mkono wa kushoto na kubonyeza kitufe chekundu kilichokuwa ubavuni mwa mashine ya kunyooshea mashuka. Rola zilisimama. Shuka la hospitali lililokuwa katikati lilibaki limetoka nusu, kama ulimi. Wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia walishika viuno wakangoja. Dakika moja ikipita, Bi Pasi alibonyeza kitufe cha kijani na kazi ikaendelea.

Hiyo ndiyo dakika ambayo rola zilimvuta mdogo wake kwa mkono wa gauni. Watu walimwita Kicheko kwa sababu alicheka hata akisemwa. Kinga ya chuma iliyopaswa kukaa mbele ya rola ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla, maana ilichelewesha mashuka. Haikupotea. Iliegemezwa ukutani karibu na choo, na watu walianikia matambara juu yake. Siku ile Bi Pasi alikuwa upande wa pili wa mashine, akipokea mashuka yaliyonyooka, na kelele alizozisikia alidhani ni za utani.

Msimamizi wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alivumilia miezi mitatu, kisha akasema dakika ni dakika. Bi Pasi akamjibu kwamba kinga ikirudishwa, na yeye ataacha. Msimamizi akasema habari za kinga ziko juu ya uwezo wake, akamwandikia karatasi ya kwenda kwa mshauri nasaha.

Mshauri aliletwa na kampuni wiki moja baada ya mazishi ya Kicheko. Alipewa iliyokuwa stoo ya sabuni, kwa hiyo kila aliyeingia alitoka na macho mekundu, na ofisini wakasifu kwamba watu wanafunguka. Alikuwa msichana mpole, na alisikiliza kwa moyo wake wote.

"Karibu, mama. Leo tuzungumze kuhusu haya mazoea ya kitufe."

"Rudisheni kinga, mwanangu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mshauri aliiandika methali hiyo kwenye fomu, mbele ya neno *hisia*.

"Mama, kuna tunayoyaweza na kuna yanayotushinda. Kinga haiko mikononi mwako. Mkono wako ni wako."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Mazoea hayang'olewi, hubadilishwa. Mkono ukitaka kwenda kwenye kitufe, upe kitu kingine. Shika hiki kijiwe, vuta pumzi, hesabu mpaka nne. Siku ishirini na moja tu. Na huzuni usiifukuze. Ikija, ikaribishe, ipe kiti, isalimie, kisha endelea na kazi."

Bi Pasi hakuwa mtu wa kupuuza alichoambiwa. Kesho yake alichukua kiti cha plastiki kutoka kantini akakiweka kando ya mashine. Saa tisa na dakika kumi, Kicheko aliingia kwa mlango wa mashuka machafu, amevaa gauni lile lile lililokosa mkono mmoja, akaketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Kinga bado iko chooni?"

"Bado."

"Haya."

Wanawake wa kukunja mashuka walisogeza vikapu vyao ili apate pa kuweka miguu. Mpishi wa kantini aliulizia kama naye atakunywa chai, kwa kuwa vikombe vilikuwa vichache. Msimamizi alikuja, akatazama, akasema kiti kimepita mstari wa njano na hilo ni jambo la usalama. Akakisogeza mwenyewe, akachora chaki pale miguu ya kiti iliposimama.

Kicheko alikuja kila siku, akaondoka king'ora cha zamu kikilia. Bi Pasi alishika kijiwe mfukoni na kuhesabu mpaka nne. Siku za kwanza mkono ulikuwa mbishi, ukinyooka wenyewe mpaka nusu ya njia. Mazoea yana taabu. Ilipofika siku ya ishirini na moja, ulijua njia ya mfukoni bila kuelekezwa. Bi Pasi alianza kulala usingizi. Alipata hamu ya kula. Alifurahi kukaa na mdogo wake kila alasiri, na furaha hiyo tusimnyime, maana hakuiiba kwa mtu. Meneja alimpa mshauri cheti, kikatundikwa stoo ya sabuni.

Aliyelisha mashine mashuka sasa, pale aliposimama Kicheko zamani, alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Pacha, mwenye watoto wawili wa darasa la pili na maneno ya kutosha watu kumi. "Wewe mwenzangu umebarikiwa," alimtania Kicheko, "umekaa tu kama mke wa tajiri."

Siku ya ishirini na nne, saa tisa na dakika kumi, Kicheko aliinuka kitini. Hakuwahi kuinuka kabla ya king'ora.

"Dada," alisema. "Kitufe."

Bi Pasi aliona kanga ya Mama Pacha imeshikwa na rola. Aliona vizuri kabisa. Mkono wake wa kushoto ulikwenda upesi, bila kusita, ukaingia mfukoni ukashika kijiwe. Alikibana kwa nguvu, akavuta pumzi, akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kicheko alikibonyeza kitufe kwa vidole vyake vyote, lakini vidole vyake havikuwa na uzito. Msimamizi ndiye aliyefika mbio kukibonyeza, akiwa amechelewa. Kwa miezi mitatu mizima, dakika kama hiyo, rola zilikuwa zimesimama.

Mama Pacha alizikwa Jumamosi. Jumatatu wanawake wa kukunja mashuka waliletewa karatasi za kwenda kwa mshauri, na alasiri kiti cha pili kikawekwa kando ya cha kwanza. Mama Pacha aliketi bila viatu. Alichouliza ni kimoja tu, kama watoto wameenda shule. Akaambiwa wameenda.

Bi Pasi aliomba ruhusa, akaenda stoo ya sabuni, akaweka kijiwe mezani.

"Nirudishie mkono wangu," alisema.

Mshauri alilia, na safari hii haikuwa sabuni. Kisha akajifuta, akafungua daftari lake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Inawezekana, mama," alisema. "Itachukua siku ishirini na moja."

Bi Pasi aliporudi kwenye mashine, palikuwa na mwanamke mgeni upande wa kulisha mashuka, akifundishwa. Matambara yalikuwa yanakauka juu ya kinga. Msimamizi alikuwa amepiga magoti sakafuni na chaki yake, akichora alama za viti vingine vinne.